Kazi za vikundi katika Mekanika ya Uhandisi: ripoti nzuri, jaribio bovu. Nimekosea wapi?

MkufunziNjiro (Arusha)

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri wa wenzangu wanaofundisha masomo ya uhandisi, hasa katika ngazi ya stashahada. Ninafundisha Mekanika ya Uhandisi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ujenzi katika chuo kimoja hapa Arusha, darasa lina watu 72, na muhula uliopita niliacha mazoea yangu ya kusimama ubaoni saa mbili mfululizo nikajaribu kile kinachoitwa ujifunzaji wa ushirika. Niliwagawa katika vikundi tisa vya watu wanane wanane, nikawaachia wachaguane wenyewe, kisha nikavipa vikundi vyote kazi moja: kukokotoa nguvu iliyomo katika kila kipande cha kenchi ya paa la darasa, kueleza kipande kipi kinavutwa na kipi kinakandamizwa, na kuandika ripoti ndani ya wiki tatu. Alama ya ripoti ilikuwa moja kwa kikundi kizima, na niliihesabu katika tathmini endelevu.

Ripoti zilipendeza. Michoro ilinyooka, majedwali yalipangwa vizuri, na mimi nikajisifu kimoyomoyo kwamba hatimaye njia nimeipata. Wiki mbili baadaye nikatoa jaribio la mtu mmoja mmoja, swali la kwanza likiwa jepesi kuliko chochote kilichokuwamo katika ripoti zile: boriti ya mita 6 imeegemezwa ncha zote mbili na imebeba mzigo wa kilonyutoni 12 ulio mita 2 kutoka ncha ya kushoto, tafuta nguvu katika kila egemeo. Waliopata 8 kushoto na 4 kulia hawakufika nusu ya darasa. Wengi wa waliokosa waligawa mzigo sita kwa sita, kana kwamba neno momenti, yaani nguvu mara umbali wake kutoka egemeo, hawajapata kulisikia, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao ripoti ya kikundi chao nilikuwa nimeipa alama 85.

Niliporudi kuzisoma ripoti kwa jicho la mashaka, nikaona vikundi vinne vimekosea kipande kilekile cha kenchi kwa namna ileile, kinachokandamizwa kikaandikwa kuwa kinavutwa, jambo ambalo haliwezi kutokea kwa bahati. Nikamwita kijana mmoja nikamuuliza yeye alifanya sehemu gani. Akanijibu kwa adabu zote: "Mwalimu, mimi nilichangia hela ya kuchapa."

Mkuu wangu wa idara ameniambia nirudi kwenye mhadhara na mazoezi kama zamani. Sitaki kurudi kabla sijajua kama kosa ni la njia yenyewe au ni langu mimi niliyeitumia. Yanayonisumbua ni matatu: kikundi kiwe na watu wangapi na nani awapange, alama zitolewe vipi ili asiyefanya asibebwe na anayefanya, na suala la muda, kwa sababu mtaala ni mrefu na muhula ni mfupi.


KarakanaYaZamani (Arusha)

Mwalimu, mkuu wako wa idara amekushauri vizuri. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila baada ya miaka michache huletwa njia mpya yenye jina zuri. Wanafunzi huifurahia kwa kuwa kazi imepungua, na walimu huifurahia kwa kuwa ripoti za kusahihisha zimeshuka kutoka 72 hadi 9. Tuseme kweli, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kazi za vikundi kupendwa katika vyuo vyetu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa, lakini katika chumba cha mtihani kila mtu huingia na vidole vyake, na boriti ikipasuka ataitwa aliyeipigia hesabu. Toa mazoezi mengi ya mtu mmoja mmoja, sahihisha, rudisha, na anayeshindwa arudie. Hakuna njia ya mkato katika mekanika.


MhadhiriKibosho (Moshi)

Mwalimu wa Njiro, pole, na hongera kwa kusema wazi, maana wengi wetu tukipatwa na hayo huonyesha ripoti na kuficha matokeo ya jaribio. Nitajibu kwa urefu kwa kuwa kosa ulilofanya nililifanya mimi pia, tena kwa miaka mitatu mfululizo.

Uliweka watu pamoja ukawapa kazi. Hiyo ni kazi ya kikundi, na mzee wangu wa Karakana anaisema ipasavyo. Ujifunzaji wa ushirika una masharti yake. Ndugu wawili, David na Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, ndio walioyapanga masharti hayo, na mhandisi Karl Smith wa chuo hichohicho akashirikiana nao, mwaka 1981, kuyapeleka kwa walimu wa uhandisi. Wanataja matano: wanakikundi wategemeane kwelikweli, kila mmoja awajibike kwa nafsi yake, wasaidiane ana kwa ana, wafundishwe stadi za kufanya kazi na watu, na kikundi kikae mara kwa mara kujipima. Kwako wewe yameanguka mawili ya kwanza, na hayo yakianguka matatu yanayobaki hayana pa kusimama.

Kwetu huku mlimani sharti la kutegemeana halihitaji kitabu. Mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia, ukiziba, watu huitwa kuuzibua, kila kaya ikapewa kipande chake. Atakayekiacha kipande chake na majani amewazuilia maji wote walio chini yake, na wote wanajua ni kipande cha nani. Sasa itazame kenchi yako. Mwanafunzi mmoja hodari anaweza kuimaliza kwa usiku mmoja. Ukiwaweka watu wanane mbele ya kazi ambayo mmoja anaimudu, njia nyepesi kuliko zote ni kumwachia huyo mmoja, na wengine wakachanga hela ya kuchapa. Kijana wako hakuwa mkorofi. Alitafuta mchango uliokuwa umebaki.

Kuhusu ukubwa, wanane ni wengi mno. Mfaransa Max Ringelmann, ambaye kwa kazi alikuwa mhandisi wa kilimo, aliwapima watu wakivuta kamba, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 watu wanane wakivuta pamoja kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu aliyoitoa alipovuta peke yake. Yeye mwenyewe hakuuita uvivu wote. Aliona pia kwamba watu wengi hushindwa kuvuta kwa wakati mmoja. Yote mawili hutokea darasani. Mimi hutumia watu wanne, nikikosa hesabu huwa watatu, na kamwe sifiki watano. Tena huwapanga mwenyewe. Wakichaguana, waliosoma shule moja hukaa pamoja, hodari huwafuata hodari, na wale ambao hakuna anayewajua huokotwa mwishoni kama mabaki ya sokoni. Huchanganya uwezo kwa kutazama alama za hisabati, na huangalia saa ambazo watu wanaweza kukutana, kwa sababu anayekaa bwenini na anayekwenda na kurudi kwa daladala kutoka Himo hawana jioni moja.

Sasa kazi yenyewe. Kenchi hiyohiyo unaweza kuigawa ili isifanyike bila wote wanne. Wa kwanza asimamie mizigo: uzito wa mabati na mbao, upepo, na namna mizigo hiyo inavyofika kwenye maungio. Wa pili ajifunze kutafuta nguvu za maegemeo na kutatua ungio baada ya ungio. Wa tatu ajifunze kuikata kenchi na kuhakiki vipande vitatu au vinne kwa momenti. Wa nne achunguze kipande kinachokandamizwa, kwa nini kirefu na chembamba hupinda kabla ya kuvunjika, na ukubwa gani wa mbao unatosha. Kabla ya kurudi kwenye vikundi vyao, wote wenye namba moja hukutana pamoja, wenye namba mbili pamoja, na kuendelea, ukipita kati yao kuhakikisha kwamba hawafundishani makosa. Kisha kila mmoja hurudi kuwafundisha wenzake watatu. Mbinu hii ilianzishwa na mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 katika shule za mji wa Austin, Texas, kwa watoto wadogo waliokuwa wakigombana, nami niliidharau kwa sababu hiyo hadi nilipoijaribu. Na kila kikundi kipe upana wake wa paa, hiki mita 6, kile mita 7.5, kingine mita 9, ili anayenakili kwa jirani anakili majibu yasiyo yake.

Halafu kuna jaribio, na hapa ndipo uwajibikaji unapoingia. Siku ya kukabidhi kazi, kila mwanafunzi hufanya jaribio fupi la peke yake linalogusa sehemu zote nne, ikiwamo ile aliyofundishwa na mwenzake. Wanakikundi wote wanne wakivuka 60, kila mmoja huongezewa alama 5. Mmoja asipovuka, hakuna anayepata nyongeza na hakuna anayepunguziwa. Mwaka wa kwanza nilipofanya hivyo niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona: saa tatu usiku, chini ya taa ya korido, msichana aliyekuwa hodari kuliko wote darasani alikuwa akimweleza mwenzake kwa mara ya tatu kwa nini momenti kwenye bawaba ni sifuri, akaufungua na kuufunga mlango wa darasa mpaka kijana akacheka na kuelewa. Alikuwa anazitaka alama zake tano. Sioni aibu katika hilo.

Mlango ule umenikumbusha lugha. Tunafundisha na kutahini kwa Kiingereza, nami nilikuwa nikiwakataza kujadiliana kwa Kiswahili nikidhani ninawasaidia. Niliwanyamazisha tu. Sasa hujadiliana kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, na nimegundua kwamba anayeweza kulieleza jambo kwa Kiswahili bila kushika daftari amelielewa, ilhali wapo wanaolikariri kwa Kiingereza kama kasuku.

Muda huwa haupotei kama unavyohofu, ingawa mara ya kwanza utapotea. Usianze na mradi wa wiki tatu. Anza na dakika kumi ndani ya mhadhara: toa boriti moja, kila mtu achore mchoro wa nguvu peke yake kwa dakika mbili, kisha wa benchi la mbele wageuke wakabiliane na wa nyuma, walinganishe, na umwite yeyote kwa namba aje ubaoni kwa niaba ya wenzake. Hakuna anayejua nani ataitwa, kwa hiyo wote hujiandaa.

Mzee wa Karakana, kwako ninaleta tarakimu moja. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za kufundisha sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni, wakakuta kwamba waliofeli katika madarasa ya mhadhara mtupu walikuwa wastani wa asilimia 33.8, na katika madarasa ambamo wanafunzi hushughulishwa walikuwa asilimia 21.8. Kushughulishwa huko kuna sura nyingi, na ushirika ni mojawapo tu, kwa hiyo siitumii kama rungu. Ila mhadhara pekee nao hauna rekodi ya kujivunia.


BintiUsaRiver (Arusha)

Shikamooni walimu wangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya umeme, na ninaomba mniruhusu kusema upande wetu.

Nimekuwa mbebaji, yule anayefanya kazi ya wote, katika vikundi vinne kati ya vitano nilivyopangwa. Watu hudhani mbebaji anaonewa tu, lakini ukweli ni kwamba mara nyingi sisi wenyewe hatutaki kuwaachia wenzetu kazi kwa sababu tunaogopa alama yetu itaharibika. Mwenzangu akileta sehemu yake ina makosa, ni rahisi kwangu kuifuta na kuiandika upya usiku kuliko kukaa naye saa nzima kumweleza. Alama ikiwa moja kwa wote, na mwalimu akiangalia ripoti tu, nimpotezee muda wa nini? Kwa hiyo ninapomsoma Mhadhiri wa Kibosho akisema kwamba jaribio linagusa pia sehemu uliyofundishwa na mwenzako, naona kwamba hapo hata mimi ningelazimika kubadilika.

Jambo la pili ni la wasichana. Darasani kwetu tuko sita kati ya wanafunzi zaidi ya hamsini, na kila kikundi kinapoundwa, msichana hufanywa katibu. Anaandika, anachapa, anapanga kurasa, na wavulana ndio wanaoshika mita na kuunganisha saketi. Mwaka mzima wa kwanza niliandika ripoti nzuri sana kuhusu vipimo ambavyo sikuvigusa. Siku ya mtihani wa vitendo, nilipokabidhiwa mita nikipime kiwango cha mkondo wa umeme, mkono ulinitetemeka, nikaiunganisha sambamba na mzigo badala ya kuiweka katika mfuatano, na fyuzi ikaungua. Walimu mnaopanga majukumu, tafadhali yazungusheni kila wiki, na msiyaache yajipange yenyewe.


MhandisiPasua (Moshi)

Binti, hilo la katibu lipo hadi kazini, na umefanya vema kulitaja mapema.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi, sifundishi, ila hupokea vijana wa mafunzo kwa vitendo kila mwaka, na ninataka kuongeza jambo kuhusu alama. Watu wa Moshi tukisikia neno ushirika hatuwazi darasa, tunawaza kahawa. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, kiliundwa mwaka 1933, na utaratibu ambao wazee wetu walitulea nao ni huu: mkulima anapeleka kahawa yake chama cha msingi, inapimwa kwenye mizani, na kilo zinaandikwa kwa jina lake. Baada ya hapo kahawa za wote huchanganywa na kuuzwa pamoja kwa jina la chama. Bei mnapata moja, nzuri au mbaya, na malipo yako hufuata kilo zako. Aliyepeleka gunia moja hawezi kulipwa sawa na aliyepeleka kumi eti kwa kuwa wote ni wanachama. Chama kinachoacha kupima mlangoni hakidumu.

Mwalimu wa Njiro, wewe uliuza bila kupima. Ripoti ilikuwa na bei, kilo za kila mtu hazikuandikwa mahali. Kwa hiyo simuungi mkono Mzee wa Karakana anaposema uache kuuza pamoja, kwa sababu eneo la ujenzi halimjui mhandisi wa peke yake. Ninapomwaga zege la nguzo, kuna aliyepima mchanga, kuna aliyehesabu nondo, kuna atakayevunja michemraba ya zege kupima nguvu yake siku ya 7 na siku ya 28, na mimi ninayetia sahihi ninategemea kwamba kila mmoja alifanya lake na ataeleza alilofanya. Kijana anayekuja kwangu akiwa na cheti kizuri, akashindwa kumwambia fundi kwa heshima kwamba nondo zimepungua, hunipa taabu kuliko aliyesahau fomula. Fomula ataitafuta. Hilo lingine hatulifundishi popote, tunadhani watu huzaliwa nalo.

Ninachouliza ni hiki: katika darasa, mizani hiyo ni ipi? Jaribio hupima alichoelewa mtu, lakini halipimi kama alikuja kwenye vikao.


MkufunziNjiro (Arusha)

Nawashukuru nyote, na Binti wa Usa River hasa, kwa kuwa nimemwona katika maelezo yake mwanafunzi wangu mmoja ambaye mpaka leo nilidhani hapendi vifaa.

Jibu la jaribio na nyongeza ya alama 5 nimelipokea. Swali la Mhandisi kuhusu mizani ni swali langu pia. Nimewahi kusikia kwamba wapo wanaowapa wanafunzi nafasi ya kupimana wenyewe, lakini nina wasiwasi, kwa sababu vijana wetu wanalindana. Je, kuna aliyeifanya kwa vitendo, na hesabu yake inakwendaje?


MhadhiriKibosho (Moshi)

Ipo, nami huitumia kwa mradi mmoja mkubwa wa muhula, siyo kwa mazoezi ya kila wiki. Kila mwanafunzi hujaza karatasi yake peke yake, mbele yangu, na ninaikusanya mwenyewe. Siwaulizi nani ana akili. Ninauliza mwenzako alikuja kwenye vikao, alileta alichoahidi, aliomba msaada alipokwama. Jibu huwa neno kwanza, kwa mfano "aliahidi na kutimiza mara zote" au "alionekana siku ya kukabidhi", na mimi ndiye ninayeligeuza neno kuwa namba.

Tuseme wanakikundi wanne, kwa namba walizopewa na wenzao, wamepata wastani wa 90, 85, 80 na 45. Wastani wa kikundi ni 75. Kila mmoja gawanya wastani wake kwa 75, na jibu usiliruhusu kuzidi 1.05, ili hodari asipande juu kwa kuwakanyaga wenzake. Ikiwa mradi ulipata 80, watatu wa kwanza watapata 84 kila mmoja, na wa nne, mwenye 0.6, atapata 48. Hizo ndizo kilo zake, Mhandisi.

Kuhusu kulindana: wakipeana wote alama sawa, kila mmoja hubaki na ya mradi, na hapo jaribio la mtu mmoja mmoja bado linakungojea mbele. Ukiona mtu amesifiwa na wenzake wote na jaribioni amepata 30, mwite mzungumze dakika tano juu ya ripoti yake. Mara nyingi dakika mbili hutosha. Nifanyalo pia ni kuwapimisha katikati ya mradi bila kuhesabu alama, kila mtu akaona peke yake wenzake wanamwonaje. Zaidi ya nusu ya wanaodandia hurekebika hapo, kabla sijamwadhibu yeyote, kwa kuwa wengi wao hawakujua kwamba wanaonekana.

Richard Felder na Rebecca Brent, ambao walieneza sana njia hii kwa walimu wa uhandisi wakitokea Carolina Kaskazini, huruhusu pia kikundi kumfukuza mwenzao baada ya maonyo ya maandishi, na mbebaji aliyechoka kujiondoa. Kanuni hiyo ninayo katika karatasi ya kwanza ya muhula. Nimeitumia mara moja tu, na mfukuzwa alikuja ofisini na mama yake mzazi, kwa hiyo jiandae.


KarakanaYaZamani (Arusha)

Nimesoma yote. Hili la kupima mlangoni sina ugomvi nalo, na laiti vikundi nilivyoviona maishani vingekuwa hivi nisingeandika niliyoandika. Wasiwasi wangu unabaki kwenye kazi ya mwalimu. Mhadhiri ametaja kuwapanga mwenyewe, kutunga kenchi za vipimo tofauti, jaribio, karatasi za kupimana, mazungumzo ya dakika tano. Kwa watu 72 hiyo siyo nafuu niliyoisema mwanzoni. Ni mzigo kuliko mhadhara. Nani atakayeubeba na vipindi tulivyo navyo?


MkufunziNjiro (Arusha)

Mzee wangu, ni kweli, na nimepiga hesabu. Watu 72 ni vikundi 18 vya wanne. Kwa muhula unaoanza nitafanya zoezi la dakika kumi la boriti kila wiki, kenchi moja tu iliyogawanywa sehemu nne za kazi kama alivyoieleza Mhadhiri, na karatasi za kupimana mara mbili, ya katikati na ya mwisho. Vipimo vya paa nitavitumia sita, kila kimoja kwa vikundi vitatu ambavyo nitaviweka mbali mbali ukumbini. Majukumu yatazunguka, na katibu wa wiki ya kwanza katika kila kikundi chenye msichana atakuwa mvulana. Mradi wa pili niliokuwa nimeupanga nimeufuta, kwa sababu Mzee anasema kweli kwamba sitaweza.

Swali la boriti ya mita 6 nitalirudia kwa namba nyingine katika wiki ileile niliyolitoa muhula uliopita, ili nilinganishe.


KarakanaYaZamani (Arusha)

Lirudie, lakini usilisahihishe mwenyewe, maana utavutika. Karatasi zifiche majina uniletee mimi. Niko Sakina, na Jumamosi mchana huwa nipo. Nitazisahihisha kwa kalamu yangu nyekundu, kisha tuone.